Mzigo Umefika: shajara ya kuandaa video ya wimbo wetu

Januari 12

Wazo letu limepita. Mwalimu alilisoma akiwa amesimama mlangoni, akaguna, akauliza swali moja: "Wimbo upo kweli, ama mtaniletea visingizio mwezi wa tatu?"

Wimbo upo. Ni wa bendi ya wenzetu wanne wanaofanyia mazoezi katika ukumbi ulio nyuma ya mabweni, mpaka mtu aje kugonga dirisha. Wanapiga roki ya gitaa la kukwaruza na dramu zisizo na huruma. Unaitwa "Mzigo Umefika", una dakika 4 na sekunde 12, na kiitikio chake ni mistari miwili tu:

*Mzigo umefika, mzigo umefika,*
*aliyeubeba hajafika.*

Ni wimbo wa kupinga vita, ila neno vita limo mara moja tu, karibu na mwisho. Unawaimba wapagazi: wale wanaume waliokusanywa vijijini kubebea jeshi la Waingereza risasi, unga na majeruhi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Ndimi zetu zikalitafuna jina hilo likawa Kariakoo kule Dar es Salaam na Kariokor hapa Nairobi, na leo mtu akikuambia anaenda Kariokor unajua tu ana hamu ya nyama choma.

Masharti ya mradi: video isizidi dakika tano, siku mbili za kupiga picha, na alama 40 kati ya 100 ni za maandalizi. Hizo 40 ndizo shajara hii inazitafuta. Mimi ndiye mwongozaji. Hakuna mwingine aliyeinua mkono.

Januari 15

Kikao cha kwanza, saa mbili na nusu za kelele. Mpiga dramu amekuja na orodha yake: vifaru, milipuko, moto, askari wanaokimbia taratibu huku udongo ukiwamwagikia. Nikamuuliza kifaru atakitoa wapi. Akasema picha za bure zimejaa mtandaoni.

Kwanza kuna sheria. Raia haruhusiwi kuvaa sare za jeshi nchini Kenya, na sitaki kuanza kueleza kituoni kwamba suruali ya madoadoa ni ya kazi ya shule. Pili kuna jambo linalonisumbua zaidi ya sheria. Ukipiga picha ya mlipuko vizuri, na gitaa likaingia hapo hapo, damu ya mtazamaji inachemka. Hatachukia vita, atarudisha nyuma aone tena. Nimetazama video za namna hiyo nyingi na mimi mwenyewe nimezirudisha nyuma.

Tumekubaliana: hakuna bunduki, hakuna sare, hakuna mlipuko. Mpiga dramu alinuna kama dakika kumi, kisha akasema basi angalau apewe unga. Unga gani? Unga wa mahindi, juu ya ngozi ya dramu, uruke kila anapopiga. Mpiga besi akamkumbusha kwamba ubeti wa pili unataja unga. Kimya. Tukatazamana. Huyu jamaa tumlinde.

Januari 17

Tumeenda kwenye sanamu ya Kenyatta Avenue saa moja asubuhi, kabla jiji halijachangamka. Nimepita pale pengine mara mia tatu nikikimbilia matatu, sijawahi kusimama. Ni sanamu tatu za shaba nyeusi zilizowekwa mwaka 1928, na mmoja wa wale watatu si askari, ni mpagazi. Chini kuna maandishi kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Maneno ni ya mwandishi wa Kiingereza Rudyard Kipling. Yanasema ukumbusho huu ni wa askari Waafrika waliopigana, na wa wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Halafu yanamalizia kwa ahadi: ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako.

Mpiga besi alisoma kwa sauti, akazunguka sanamu yote, akarudi. "Jina lipi?" akauliza. Hakuna hata moja.

Kule Dar es Salaam wana ya kwao, ya 1927, ambayo ni askari peke yake ameelekeza singe bandarini. Mpagazi hakupata hata nafasi ya kusimama.

Nilipofika bwenini nilisoma kidogo kumhusu Kipling huyo, nikitaka kumchukia vizuri. Nikakuta mwanawe wa pekee alipotea vitani Loos, Ufaransa, mwaka 1915, na baba akafa bila kuonyeshwa kaburi. Ndiye pia aliyewachagulia Waingereza yale maneno ya kwenye makaburi yao ya vita, kwamba majina yao yataishi milele. Kwa hiyo alijua uchungu wa jina lisilo na kaburi. Sijui nimfanye nini sasa. Kwenye video hatakuwemo.

Wakati tunapiga picha za majaribio kwa simu, askari wa jengo la jirani alivuka barabara kutuuliza nani ametupa ruhusa. Tumezuiwa na askari kupiga picha ya askari. Kibali kimeingia kwenye orodha.

Januari 18

Sikulala. Wazo limekuja saa nane za usiku na bado lina nguvu asubuhi, dalili njema.

Kama wao walikuwa miguu na mikono, basi tuwaonyeshe miguu na mikono. Dakika tatu nzima, hakuna uso. Nyayo, vidole vinavyoshika kamba, vifundo, kisigino kilichopasuka, kiganja chini ya gunia. Hata bendi: vidole kwenye nyuzi, mguu kwenye dramu kubwa, mkono wa mwimbaji ukikaba maikrofoni, shingo kwenda chini. Nyuso tuzitoe mwishoni tu.

Nimewatumia wenzangu. Mwimbaji amejibu: "Yaani nimepaka wanja bure?"

Januari 21

Siku ya maktaba. Naandika tuliyoyapata kwa sababu yamebadilisha wimbo wenyewe.

Kwa upande wa Waingereza peke yake, wapagazi waliopitia kampeni ya Afrika Mashariki walikaribia milioni moja. Kutoka Kenya, waliokufa wamehesabiwa kuwa zaidi ya 40,000. Wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, nimonia na njaa. Watu waliozoea viazi, ndizi au mtama walipewa unga wa mahindi bila muda wa kutosha wa kuupika wala kuni kavu, wakala mbichi, tumbo likakataa. Mwaka 1917 ndio ulikuwa wa msako mkubwa zaidi. Kijiji kilikuwa kinaamka asubuhi vijana hawapo.

Mwezi wa nne mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kukiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa majina popote, au hawakukumbukwa kabisa. Nilisoma sentensi hiyo mara mbili nikijua kabisa mimi ni mtu wa kuruka takwimu.

Lakini kilichotugonga ni tarehe. Ulaya vita viliisha Novemba 11, 1918. Huku, kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, alisalimisha silaha zake Abercorn, Mbala ya leo nchini Zambia, Novemba 25. Siku kumi na nne baadaye. Wapagazi wa pande zote mbili walikuwa bado wana mizigo kichwani wakati London wanacheza barabarani.

Wimbo una mwisho wa uongo: baada ya kiitikio cha tatu vyombo vyote vinakatika, kimya, halafu gitaa linarudi na kumalizia. Mpiga gitaa akauliza, kile kipande cha kumalizia kina baa ngapi? Tukahesabu (baa moja ni midundo minne). Kumi na mbili. Akasema, ongeza mbili. Sasa ziko kumi na nne, baa moja kwa kila siku ambayo vita vilikuwa vimeisha Ulaya na wao bado wanatembea. Kwa mwendo wa midundo 84 kwa dakika, hizo ni sekunde 40 kamili. Pale pale kwenye kimya ndipo mwimbaji ananong'ona mstari wenye lile neno:

*Vita vimekwisha. Endelea kutembea.*

Na kwenye zile baa kumi na nne ndipo nyuso zitatokea. Uso mmoja kwa baa moja, karibu sekunde tatu kila mmoja. Tunahitaji watu kumi na wanne. Tunahitaji kuwalisha watu kumi na wanne.

(Urefu mpya wa wimbo tumeufidia kwa kukata utangulizi. Bado 4:12.)

Januari 24

Mpiga gitaa wetu anatoka Goma, Kongo. Hajawahi kuzungumza sana juu ya hilo nasi hatukumchimba. Leo tulikuwa tunabishana kuhusu ubeti wa tatu: je, tubaki 1917 ama tulete mambo ya leo, Sudan, Kongo? Mpiga dramu anasema tusipoleta leo watu watadhani ni kipindi cha historia. Mpiga kamera anasema tukileta vipande vya habari tutakuwa tunaazima maiti za watu ili tupate alama.

Yule wa Goma alikuwa anabadilisha nyuzi. Akasema bila kuinua kichwa: "Sisi tulibebaka tu magodoro na masufuria, basi." Januari 2025, waasi wa M23 walipoingia mjini. Shangazi yake alibeba cherehani kichwani, mguu wa chuma na vyote. Watu walimwambia aiache. Akasema akiiacha atakula nini huko aendako.

Hakuna aliyeongea kwa muda. Kisha mpiga kamera akasema polepole: basi miguu ni ile ile, mzigo tu ndio unaobadilika.

Ndivyo itakavyokuwa. Ubeti wa kwanza: masanduku ya mbao na magunia, nyayo tupu. Ubeti wa pili: unga. Ubeti wa tatu: barabara ile ile, pembe ile ile ya kamera, lakini miguu ina patipati na raba za mtumba, na kichwani kuna godoro lililokunjwa, jerikani ya njano, cherehani. Hatuandiki mahali wala mwaka. Nilimuuliza faragha kama cherehani ni sawa kuitumia. Akasema ndiyo, ila isiwe mpya.

Januari 31

Majaribio ya mwendo wa polepole. Huu ni ufundi mtupu, asiyependa hesabu aruke.

Video yetu ni fremu 25 kwa sekunde. Ukitaka mwendo upungue nusu, unapiga fremu 50 kisha unachezesha kwa 25. Shida ni kwamba anayeimba mdomo wake utapungua nusu pia, hautakutana na sauti. Dawa yake ni kuchezesha wimbo kwa kasi maradufu wakati wa kupiga picha, mwimbaji akimbizane nao, halafu ukirudisha kwenye 25 mdomo unakaa pale pale kwenye wimbo huku nywele na nguo zinaelea. Wimbo wa 4:12 unachezwa kwa dakika 2 na sekunde 6.

Mwimbaji aliweza mara ya tatu. Akasikika kama panya aliyekasirika, lakini kwenye skrini alikuwa malkia. Mpiga dramu alijaribu kupiga midundo 168 kwa dakika, kijiti kikaruka kikampata mpiga besi sikioni. Dramu zitapigwa kwa fremu 25, kawaida. Unga tutaupiga peke yake kwa 50, mkono mmoja, pigo moja moja.

Kisha miguu. Nataka nyayo zitue kwenye mdundo, hiyo ndiyo roho ya video. Kwa kasi maradufu mtu angelazimika kukanyaga mara 168 kwa dakika akiwa na mzigo kichwani. Huko ni kukimbia. Tukawaza tukawaza. Mpiga besi ndiye aliyepata: wakanyage kila mdundo wa pili. Hapo inakuwa hatua 84 kwa dakika, mwendo wa mtu aliyechoka. Ukipunguza, unapata hatua moja nzito kila midundo miwili. Tulijaribu kwenye ukumbi kwa viatu vya kila aina. Kisigino kilipotua pamoja na dramu kubwa kwa mara ya kwanza, mpiga kamera alisema neno ambalo siwezi kumwandikia mwalimu.

Februari 3

Bajeti. Tuko tisa, kila mmoja anatoa 2,500, jumla 22,500. Kamera na lenzi mbili kwa siku mbili 9,000. Gari 6,000. Chakula cha watu ishirini na kitu, maji, unga (wa kuigiza na wa kula, visichanganywe) 4,500. Mablanketi ya kijivu kutoka Gikomba, masanduku, kamba 2,000. Inabaki 1,000 ya dharura, na kibali hakijalipiwa. Droni imekufa kwenye bajeti kabla ya kufa kwenye leseni. Sawa tu, miguu haihitaji kutazamwa kutoka angani.

Februari 8

Nilienda Murang'a kumwona Shosho, nyanya yangu, si kwa ajili ya mradi, ila mradi ulinifuata.

Mimi ni mwana wa kwanza wa mwanawe, kwa hiyo nina jina la Guka, babu yangu, na Shosho huniita mume wangu. "Mume wangu, umekonda. Huko Nairobi mnakula vitabu?" Nikamweleza tunachofanya. Nilipotaja Kariokor aliacha kumenya viazi.

Kaka mkubwa wa baba yake alikwenda Kariokor. Alichukuliwa akiwa amekwenda kuuza mbuzi. Mbuzi alirudi nyumbani mwenyewe, na kamba shingoni. Hilo ndilo walilokuwa wakisimuliwa wakiwa watoto, kwamba mbuzi alirudi. Hawakuletewa barua, wala hela, wala blanketi.

Nikamuuliza kama jina lake linajulikana. Akanitazama kama mtu aliyeuliza kama maji ni maji. Bila shaka linajulikana: kaka yake wa tatu alipewa, ndivyo zamu ya majina ilivyoangukia, na mjukuu wa kaka huyo analo mpaka leo. "Unamjua wewe. Si yule anaendesha matatu?"

Namjua. Binamu yangu wa Thika. Miaka yote hiyo nilidhani jina lake ni la kizamani tu.

Njiani kurudi nilikuwa nikiiwaza ile ahadi ya Kenyatta Avenue. Wanao watalikumbuka jina lako. Na walilikumbuka, ila si kwa sababu ya sanamu; wangelikumbuka hata bila vita. Limeandikwa kwenye leseni ya udereva.

Februari 10

Nimewasimulia. Swali la nyuso kumi na nne lilikuwa limetukwama: wanafanya nini wanapotazama kamera? Walie? Watukazie macho? Tulishajaribu kukaza macho na wote tukaonekana tunauza manukato.

Sasa kila mmoja atasema jina moja. Midomo tu, sauti isisikike, gitaa limefunika. Si jina lake kama mwanafunzi bali jina la mtu ambaye yeye ameitwa kwa jina lake, babu, nyanya, shangazi aliyekufa, yeyote. Katika watu tuliowauliza jana na leo hakuna aliyeshindwa kujibu. Hata wale wa majina ya Biblia tupu walikuwa na la pili nyumbani.

Mwimbaji anataka majina yaandikwe chini kwenye skrini. Mimi sitaki. Tumepiga kura, nimeshindwa kwa kura sita kwa tatu. Naendelea kuamini nilikuwa sahihi.

Februari 14

Kutafuta mahali. Ndoto yangu ilikuwa Taveta: kilima cha Salaita, ile njia ya reli ambayo jeshi liliijenga kutoka Voi wakati wa vita. Bajeti ikacheka. Tumepanda matatu ya 126 mpaka Kiserian, kisha bodaboda hadi baada ya Kona Baridi ambako barabara ya Magadi inaanza kuteremkia Bonde la Ufa. Kuna njia ya ng'ombe inayokata nyasi kavu, vumbi lake laini kama poda, na nyuma hakuna nguzo ya umeme wala paa la mabati. Mzee mwenye boma la karibu ametukubalia baada ya chai mbili na maelezo marefu. Aliuliza tunalipwa na nani. Tukasema hakuna. Akatuhurumia waziwazi.

Shida ni miiba ya migunga. Nyayo tupu ni sharti la ubeti wa kwanza. Tutafagia mita thelathini za njia kwa matawi na kupiga picha mita hizo hizo thelathini kila mara, mbele na nyuma. Jua linachomoza kama saa kumi na mbili na dakika arobaini. Mwanga mzuri unakwisha saa mbili. Hapo ndipo miguu yote ipigwe.

Februari 19

Ramadhani imeanza. Mwimbaji anafunga, na kuimba kwa kasi maradufu kutwa nzima bila tone la maji ni mateso ambayo hata Kariokor wangeyakataa. Kwa hiyo sehemu ya bendi tunaipiga ukumbini usiku, kuanzia saa mbili, akishafuturu na kupumzika. Anasema sauti yake huwa tamu baada ya tende. Barabarani hatahitajika, maana wapagazi hawaimbi.

Mvua za masika zinakaribia. Siku ya ukumbi ni Machi 5, siku ya barabara ni Machi 7. Tukivuka hapo vumbi litakuwa matope na godoro litakuwa sifongo.

Februari 24

Duka tulilolipia arbuni ya kamera limepiga simu: Machi 7 kamera yetu imepata harusi. Harusi inalipa zaidi. Hela zetu "tutarudishiwa". Nimekaa kwenye ngazi za maktaba nusu saa nikitazama watu.

Jioni mpiga kamera akapata nyingine kwa jamaa yake. Ni ya zamani, inapiga fremu 50 ila kwa ubora mdogo kuliko tulivyozoea. Picha zitakuwa na chembechembe. Tumezijaribu kwenye ukuta, si mbaya. Vumbi litasaidia kuficha, na mimi nimeamua kusema hadharani kwamba nilitaka hivyo tangu mwanzo.

Februari 28

Mazoezi ya mizigo. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kilo 25 hivi. Sisi tulijaza masanduku mabua makavu, usalama kwanza. Ikaonekana uongo papo hapo: shingo ilikuwa imestarehe, vidole vilikuwa vinapunga hewa. Mzigo mwepesi hauigiziki. Tukatia mchanga kilo kumi. Baada ya dakika ishirini watu waliacha kuongea. Miguu ikabadilika yenyewe, vidole vikaanza kushika sakafu, magoti yakawa na lugha nyingine. Hapo nikapiga picha za simu ambazo nimezibandika kwenye ubao wa shoti badala ya michoro yangu. Michoro yangu ya miguu inafanana na viazi vitamu.

Kanuni: dakika kumi za kubeba kwa dakika kumi za kupumzika, hakuna anayebeba akiwa na historia ya mgongo, na mwanafunzi wa uuguzi kutoka bweni la pili anakuja na sanduku lake la huduma ya kwanza. Malipo yake ni chapati.

Ubao sasa una shoti 61. Nimefuta tisa. Zote tisa zilikuwa nzuri na zote zilikuwa nyuso.

Machi 5, usiku wa manane

Ukumbi umeisha. Mwimbaji alimaliza kwa mara nne. Unga ulifanya kazi kuliko tulivyoota: kwenye fremu 50 unainuka wote kwa pamoja kama shuka, unasimama hewani, unashuka. Tumetumia pakiti mbili na ukumbi umefagiwa mara tatu, na bado ukipiga kelele kona ya kulia vumbi jeupe linatoka. Mpiga dramu amelala sakafuni anacheka peke yake.

Machi 6

Orodha ya mwisho. Betri nne zimechajiwa. Kadi mbili, na moja ya tatu mfukoni mwangu ambayo hakuna mtu ataigusa. Spika ya wimbo wa kasi. Masanduku saba, magunia matano, mablanketi kumi. Godoro moja, jerikani tatu. Cherehani tumeazima kwa fundi wa Ngara. Ni ya miaka mingi, rangi imebanduka pale mkono unapokaa. Mpiga gitaa aliiinua, akaiweka chini, akaiinua tena, akasema hiyo ataibeba mwenyewe. Kibali kimechapishwa nakala tatu. Mawingu yamekaa Ngong tangu saa tisa, sitaki kuyazungumzia.

Karatasi ya majina ina kumi na tatu. Wa kumi na nne ameugua, ametuma ujumbe saa kumi jioni na picha ya dawa zake ili tusidhani anatoroka. Nimempigia kila mtu ninayemjua mwenye miguu.

Gari ni la binamu yangu wa Thika. Alikubali elfu sita na mafuta juu yake, bei ya ukoo. Amefika saa mbili usiku tupakie vitu leo, maana kesho tunaondoka saa kumi alfajiri na amesema hangoji mtu. Alipanga masanduku mwenyewe, kwa ustadi, mazito chini. Alipofunga mlango wa nyuma akaniuliza: "Na mimi kesho kutwa nzima nitakuwa nafanya nini, bro? Kulinda gari?"

Nimemwambia aje na miguu iliyooshwa.